Barua ya Jumatatu ya Verlin Stuckey

Wiki iliyopita, kwenye foleni ya soseji mtaani kwetu, mashariki ya Toledo, nilimsikia mwanamume mmoja aliyevaa jezi ya klabu akimwambia mwenzake kwamba Verlin Stuckey ni msaliti. Eti aliiuza klabu. Eti aliwapa klabu ya Omaha kijana wetu bure, kwa uchungu wa kufukuzwa. Nilitaka kummwagia haradali. Jezi aliyoivaa huyo bwana ilikuwa ya nahodha wetu, na nahodha huyo asingeijua hata njia ya Toledo kama Verlin hangeendesha gari saa saba kwenye mvua kwenda kumtazama akicheza mbele ya watu mia mbili. Anavaa matunda ya mti na kuutukana mti. Nikanunua soseji zangu nikarudi nyumbani, na tangu siku hiyo sijalala vizuri, kwa hiyo nasema.

Naitwa Ilonka Szabo. Kwa miaka kumi na tisa nilikuwa karani wa idara ya kusaka vipaji ya klabu yetu, Wapuliza Vioo wa Toledo. Tulikuwa na maskauti sita, wanaume wa makamo wenye maumivu ya mgongo na magari machafu, waliogawana nchi nzima na kuzunguka vyuoni kuangalia vijana. Walichokiona waliniletea mimi, nami nikakichapa. Nimesoma habari za vijana wengi kuliko padri wangu alivyosikia maungamo.

Katika mpira wetu, huu wa helmeti na mabega ya plastiki, klabu hujenga timu kwa njia mbili. Kila Machi hufunguliwa soko la wachezaji huru, wanaume ambao mikataba yao imeisha kwingine na majina yao yanajulikana, na mwenye mfuko mnene huwachukua. Halafu mwisho wa Aprili unakuja uteuzi: siku tatu, raundi saba, vilabu vyote vinapokezana zamu ya kuchagua vijana wanaotoka vyuoni. Njia ya kwanza ni ya duka. Ya pili ni ya shamba, unapanda leo na kula baada ya miaka mitatu, kama umejua kuchagua mbegu. Verlin alikuwa mtu wa shamba.

Kabla ya hapo alikuwa mwalimu wa useremala katika shule ya sekondari kule Defiance, akifundisha pia walinzi wa mstari wa mbele wa timu ya shule. Hao ndio wale wanaume wakubwa wanaosimama mbele ya mrusha mpira asivunjwe mbavu. Hakuna shabiki anayejua majina yao mpaka wakosee. Klabu ilimchukua akiwa na miaka thelathini na minne, na tangu hapo akapewa vyuo vidogo vya Ohio, Indiana, Michigan na Wisconsin, vile ambavyo hata majirani wa vyuo vyenyewe hawajui kama vina timu.

Alifika chuoni saa kumi na mbili asubuhi na hakuanza kwa kocha. "Kocha ana mtu wa kuuza," alikuwa akisema. Alianza kwa mfuaji wa jezi, maana mfuaji anajua nani anakabidhi nguo na nani anazitupa sakafuni. Kisha akaenda jikoni kwa wale akina mama wenye nyavu za nywele, akaomba kahawa, na kuwauliza swali moja tu: nani anarudisha trei yake? Nimewasikia wenzake wakimcheka kwa swali hilo. Cletus Broussard, skauti wetu wa kusini, alimwita Profesa wa Trei.

"Profesa, mwaka huu umetuletea mhudumu wa hoteli?"

"Nimekuletea mtu asiyempa mama yake kazi ya kumwokotea," Verlin alimjibu. "Wewe mama yako bado anakuokotea?"

Ripoti zake ziliandikwa kwa penseli, mistari mitatu, minne. Wengine waliniletea kurasa nane za namba. Yeye aliandika: "Mwili mzito, miguu myepesi. Akikosea hamtazami kocha, anatazama miguu yake mwenyewe ilikokosea. Atadumu." Au: "Mzuri sana siku ya jua. Hatadumu." Nimezichapa ripoti hizo miaka yote na nakumbuka nyingine kwa moyo.

Ofisini kwetu kulikuwa na ukuta mzima wa vibao vya sumaku, kila kibao jina la kijana. Kila skauti alikuwa na haki ya nyota moja ya njano kwa mwaka, aibandike kwenye jina moja. Maana yake: huyu namsimamia mimi, akiharibu niulizeni mimi. Wenzake walibandika kila mwaka, kama stempu. Verlin kwa miaka ishirini na sita alikuwa amebandika tisa tu. Alisema mbegu nzuri haizaliwi kila mwaka kwa sababu kalenda inataka. Katika tisa hao, saba walicheza zaidi ya miaka sita, na mmoja ndiye huyo nahodha anayetembezwa mgongoni na watu wasio na adabu kwenye foleni za soseji.

Basi akaletwa Garrick Lathrop. Mwenye klabu alimwona mahali, akampenda, akampa ukurugenzi. Alikuwa na miaka thelathini na tisa na zamani alikuwa wakala wa wachezaji, kwa hiyo alilijua soko kama mchuuzi anavyolijua, yaani upande wa kuuzia. Kikao cha kwanza alikaa juu ya meza, akaning'iniza miguu.

"Tuambiane ukweli," akasema. "Uteuzi ni bahati nasibu. Nusu ya vijana wenu hawafiki mwaka wa tatu. Kwa nini niatamie mayai wakati sokoni kuna kuku?"

Broussard akacheka, kile kicheko cha mtu mwenye mkopo wa nyumba. Verlin hakucheka.

"Kuku wa sokoni ana mtu aliyemlea, bosi. Muulize kwanza kwa nini amemuuza."

"Kwa sababu ameshindwa kumlisha. Mimi naweza."

"Au kwa sababu hatagi."

Tangu siku hiyo Lathrop hakumsahau, na sidhani kama Verlin alitaka asahaulike.

Nisieleweke vibaya. Sisemi kununua ni dhambi. Kigae kimoja kikianguka kwenye paa unakwenda dukani kununua kigae, na Verlin mwenyewe aliwahi kusema hivyo tulipomnunua mpiga mateke mmoja mzee aliyetufaa miaka minne. Lakini Lathrop aling'oa paa zima akaezeka kwa vigae vya nyumba za watu. Mwaka wake wa kwanza alinunua wanaume tisa. Magazeti yakampigia makofi mwezi Machi. Mwezi Novemba tulikuwa wa mwisho.

Nitasimulia moja tu, lile la Quarles, maana ndilo lililotufikisha tulikofika. Ligi yetu ina huruma yake: klabu ikipoteza mtu kwenye soko la watu huru, mwaka unaofuata inapewa nafasi ya ziada ya kuteua, kama ubani. Lakini na wewe ukinunua mtu huru kabla ya siku fulani, ubani unafutwa. Siku hiyo ni Jumatatu baada ya uteuzi. Kila karani katika kazi hii anaijua, ipo kwenye kalenda yangu kwa wino mwekundu. Sisi tulikuwa tumempoteza mlinzi wetu bora, na ubani wake ulikuwa nafasi ya raundi ya tatu, si haba. Alhamisi ya wiki ileile ya uteuzi, Lathrop akataka kumsajili Lamont Quarles, mdakaji mwenye jina kubwa na miaka thelathini na mbili.

Verlin alimfuata ofisini, mlango ukiwa wazi, nami nikasikia.

"Bosi, subiri Jumatatu. Simu ya Quarles haijalia wiki sita. Haitalia ndani ya siku nne."

"Mashabiki wanataka jina leo."

"Watalipata Jumatatu. Jina halichachi."

"Verlin, wewe ni mtu wa mbegu. Niachie mimi sokoni."

Saa sita mchana Quarles akasimama mbele ya kamera na kofia yetu kichwani. Siku nne. Mtu mzima mwenye shahada mbili alishindwa kusubiri siku nne, na nafasi yetu ya ziada ya raundi ya tatu mwaka uliofuata ikayeyuka. Quarles aliumia goti mechi ya pili. Masikini, yeye hakuwa na kosa, alikuwa mtu mpole aliyeniletea maua siku ya kuzaliwa kwangu. Kosa lilikuwa la aliyemnunua. Na sote tulilila, maana mchuma janga hula na wa kwao.

Majira yaleyale Verlin akampata Thaddeus Oyler.

Kijana wa miaka ishirini na miwili, kutoka familia ya wafuga ng'ombe wa maziwa, katika chuo kidogo kule juu kabisa Michigan ambako theluji haina haraka ya kuondoka. Mlinzi wa mstari. Bega la kushoto lilikuwa limechanika mwezi Septemba, akakosa nusu ya msimu, na skauti wa klabu nyingine wakafuta jina lake wakaenda zao. Verlin alikwenda mara tatu, saa tisa kwenda na saa tisa kurudi. Mara ya kwanza kijana alikuwa hachezi. Alikuwa amesimama pembeni mkono umefungwa, anamfundisha mvulana aliyechukua nafasi yake pa kuweka mguu. Jikoni wakamwambia kwamba Oyler anarudisha trei yake na za wengine wawili, si kwa unyenyekevu, bali kwa sababu hapendi kukaa meza chafu. Verlin aliniletea ripoti hiyo mkononi, asisubiri hata siku ya posta.

"Bega litapona Oktoba ijayo," iliandikwa. "Kabla ya Oktoba asisukumwe. Akisukumwa mapema litakatika moja kwa moja. Akiachwa apone, miaka kumi. Atadumu."

Akabandika nyota yake ya kumi. Alimwahidi kijana kwamba akija Toledo atamsimamia yeye mwenyewe, hataruhusu mtu amwingize uwanjani kabla ya wakati. Na alihitaji kumsimamia kweli, maana Lathrop alikuwa amemwondoa kocha wetu wa zamani wa mstari na kuleta mwingine ambaye kwake majeruhi ni uvivu. Hapo ndipo moyo wa Verlin ulipokuwa mwaka huo wote. Amfikishe Oyler mahali ambapo bega lake litaachwa lipone.

Sasa nifike kwenye aibu yangu.

Katika kazi hii kuna desturi ambayo watu wa nje hawaijui. Skauti hafukuzwi Januari, timu ikishindwa. Januari wanafukuzwa makocha. Skauti anafukuzwa baada ya uteuzi, kwa sababu kabla ya hapo kichwa chake kina majina yote na akiondoka ataondoka nayo. Kwa hiyo anaachwa aendeshe gari majira yote ya baridi, alale moteli, aandike, abishane, abandike nyota, na yakishakamuliwa maziwa yote, Jumatatu inayofuata anaitwa na kupewa barua. Ndiyo adabu yetu. Kila mwaka ofisi zetu zote nchini zina wanaume wanaobeba masanduku ya karatasi mwezi Mei, na hakuna anayeona ajabu. Shukrani ya punda ni mateke, lakini punda angalau anampiga aliyesimama nyuma yake. Hawa wanampiga aliyewabeba.

Kwa kawaida barua huandikwa Jumatatu yenyewe. Lathrop alikuwa na safari Jumatatu asubuhi, akataka kila kitu kiwe tayari. Jumatano, siku moja kabla ya uteuzi, msaidizi wake akaniwekea mezani karatasi yenye majina sita. Sita, na idara yetu ina sita. Lathrop alikuwa ameamua kununua ripoti za vijana kutoka kampuni, kama anavyonunua kila kitu. Nikachapa barua sita zenye tarehe ya Jumatatu. "Tunakushukuru kwa mchango wako." Miaka ishirini na saba ya mtu, ikaitwa mchango, kama wa harusi. Nikazifungia droo ya chini, nikaenda chooni, nikanawa uso mara mbili.

Alhamisi saa tatu asubuhi nilimkuta Verlin kwenye maegesho, anakunywa kahawa akiwa ameegemea gari lake.

"Verlin, kuna barua."

Hakuniuliza barua gani. "Ya lini?"

"Jumatatu."

"Wameandika asante?"

"Mstari mmoja."

"Mrefu?"

"Mfupi, Verlin. Na hauna hata jina la mkeo."

Akacheka kidogo. Nilimwambia aende nyumbani kwa Lorna, mkewe, awaachie ukuta wao na vibao vyao.

"Oyler nimwachie nani?" akasema. "Nimempa neno langu. Wakimteua kesho au keshokutwa, Jumanne atakuwa mikononi mwa yule kocha mwendawazimu na mimi nitakuwa kitandani nimelala."

"Kwa hiyo?"

"Kwa hiyo sijui, Ilonka. Kwa mara ya kwanza naomba wasinisikilize."

Hawakumsikiliza, hilo halikuhitaji maombi. Ijumaa raundi ya tatu ikapita, na ilipofika nafasi ya ziada ambayo ingekuwa yetu, sisi tukakaa tunakodoa macho kama watu walioalikwa karamu bila sahani, shauri ya Quarles. Jumamosi mchana tulikuwa na zamu moja iliyobaki, raundi ya sita, maana nyingine Lathrop alikuwa amekwisha kuzibadilisha kwa wachezaji wa watu. Maskauti wote wakamtazama Verlin, maana nyota yake ilikuwa bado ukutani. Yeye akatazama kiatu chake. Lathrop hakumwuliza yeyote. Aliipa klabu ya Portland zamu hiyo wamletee mlinzi wa miaka thelathini na mitatu aliyekwisha kupita vilabu vitano. Nafasi ileile ya Oyler. "Mtu aliyekwisha iva," akasema, akapiga makofi peke yake. Nikasema moyoni, kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza, na huyu ametembea vilabu vitano.

Saa moja kasoro jioni likasomwa jina la mwisho la raundi ya saba. Oyler hakuteuliwa na mtu.

Hapo ndipo mchezo huu unapoonyesha uso wake. Kijana ambaye klabu zote zimemkataa mara saba, dakika hiyohiyo anakuwa mchezaji huru, na simu zinaanza. Klabu zote zinawakimbilia hao waliobaki, kwa sababu sasa hawana gharama, na kila skauti anashika simu anabembeleza. Chumba kikawa kama mnada. Broussard alikuwa na simu mbili, moja kila sikio. Na Lathrop, aliyetuambia uteuzi ni bahati nasibu, akaja kusimama nyuma ya kiti cha Verlin akisugua mikono.

"Yule wa nyota yako hakuchukuliwa," akasema. "Mlete. Unaona? Sasa ndiyo napenda mbegu zenu. Za bure."

Simu ya Verlin ikalia.

"Ni yeye? Weka sauti, nimsikie."

Verlin akaiweka mezani, akafungua sauti.

"Kocha Stuckey? Ni Thad."

"Najua. Nasikia ng'ombe."

"Baba anakamua. Nimemwambia leo asimame kidogo, hataki." Kijana akapumua. "Kocha, wamepiga wanne. Mama anaandika nyuma ya bahasha. Omaha wamepiga mara mbili. Sijamwahidi mtu. Nilikuwa nakungoja wewe."

Lathrop akaitikia kwa kichwa kwa furaha, akamfanyia Verlin ishara ya kidole: malizana naye.

"Bega?" Verlin akauliza.

"Liko sawa. Linauma nikililalia tu."

Nilikuwa mlangoni na birika la kahawa, na nilimwona akifuta kiganja kwenye suruali yake.

"Nenda Omaha, mwanangu."

Lathrop akainama kama hakusikia vizuri.

"Omaha?" kijana akasema. "Lakini wewe uko Toledo. Ulisema utanisimamia."

"Nilisema, na siku ile nilisema kweli. Leo siwezi tena. Hapa wamenunua mtu wa nafasi yako mchana huu, na kocha wa hapa atakusukuma Juni, bega likiwa bichi. Kocha wa mstari wa Omaha ana subira, namjua tangu akiwa na nywele. Mwambie Stuckey amesema usiguswe mpaka Oktoba. Akikukatalia, nipigie nyumbani."

"Sawa, kocha. Wewe utakuwa wapi?"

"Nyumbani. Mpe baba yako salamu. Mwambie nimesema asimame."

Akakata simu. Lathrop alikuwa mwekundu mpaka masikioni.

"Unamfanyia kazi nani wewe? Mwanaume mzima, kwenye simu ya klabu, unawapa watu mchezaji wetu?"

"Hakuwa wetu. Mchana ulipokuwa na zamu ya kumfanya wetu, ulimpa Portland."

"Umefukuzwa."

"Kuanzia lini?"

"Kuanzia sasa hivi."

"Barua yangu inasema Jumatatu," Verlin akasema.

Lathrop akamtazama msaidizi wake, msaidizi akanitazama mimi. Ningeweza kutazama ukuta. Nina pensheni ya kulinda, nina mume mgonjwa, ningeweza kabisa kutazama ukuta.

"Nilimwambia mimi," nikasema. "Alhamisi, saa tatu asubuhi."

Broussard akashusha simu moja polepole, kisha ya pili. Anao mabinti watatu chuoni, na wiki tatu hakuwa amelala kitandani kwake.

"Ilonka," akasema. "Yangu je?"

Nikaitikia kwa kichwa.

Kutoka kona ya dirisha mwingine akauliza, "Na yangu?"

"Zote sita," nikasema. "Ziko droo ya chini. Nisameheni. Nilipaswa kuwaambia siku hiyohiyo na sikuwaambia."

Lathrop akainua mikono. "Jamani, hizo ni karatasi tu. Tutazungumza Jumatatu. Sasa hivi tuko kazini, kila dakika ni kijana, nyinyi wenyewe mnajua. Mikataba yenu ingali hai mpaka mwisho wa Mei."

Broussard akairudisha simu sikioni, akamwambia kijana aliyekuwa akimsubiri, "Mwanangu, usiahidi mtu yeyote. Nitakupigia nikiwa njiani, kwa simu yangu mwenyewe, nikwambie ukweli." Akavaa koti. Wakainuka mmoja baada ya mwingine, wanaume wa miaka hamsini na sitini, magoti yakilia. Hawakutukana wala kupiga mlango. Verlin alikuwa wa mwisho, akanishika bega akipita, akatoka.

Huo ndio usaliti wake. Watu waliokuwa wamemkamua mpaka tone la mwisho walitaka awakabidhi na mtoto wa watu, naye akakataa. Kama hilo ni kosa, basi na mimi nilikosa, na niko tayari kumwambia hivyo yeyote kwenye foleni yoyote.

Nilibaki mlangoni na birika langu lililojaa. Simu sita za mezani zikaanza kulia, vijana wenyewe sasa, na mama zao, wakiwatafuta maskauti waliowajua kwa majina. Lathrop akasimama katikati akizitazama. Halafu akainua iliyokuwa karibu.

"Haloo. Ndiyo, Toledo. Ndiyo, mkurugenzi mwenyewe." Akasikiliza. Akatazama ukuta wa vibao, juu, chini, akaguna, akaweka kidole kwenye sikio la pili. "Samahani, rudia jina. Na unacheza nafasi gani?"